Imegoma kwenye asilimia 99: kwa nini video hufia njiani ikirendwa kwenda diski ya mtandao

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wapiga picha na wahariri wa video kuna picha moja ya skrini isiyoisha kurudi. Mstari wa maendeleo umejaa karibu wote, asilimia 97, 98 au 99, na juu yake kisanduku cha kosa chenye maneno machache yasiyosema kitu. Premiere, programu ya kuhariri video, itakuandikia "Error compiling movie", yaani kutengeneza filamu kumeshindikana, jambo ambalo tayari umeliona kwa macho yako. Chini ya picha hiyo ushauri unamiminika: ongeza RAM, futa programu uisakinishe upya, nunua bando kubwa zaidi, acha kutumia programu za kukraki. Kila mmoja anaapa kwamba dawa yake ndiyo iliyomponya. Anayebahatika kuuliza faili lilikuwa linahifadhiwa wapi, mara nyingi hujibiwa: kwenye diski ya mtandao, ile ya ofisini.

Jibu hilo lilitakiwa litangulie. Video inayogoma ikiandikwa kwenye diski ya ndani na ile inayogoma ikiandikwa upande wa pili wa kebo ni wagonjwa wawili tofauti, hata kama wote wanakohoa.

Maneno yenyewe

Kurenda ni ile hatua ya mwisho ya kuhariri. Programu inachukua vipande vyote ulivyopanga, rangi, maandishi na muziki, inavikokotoa fremu (picha moja moja zinazounda video) moja baada ya nyingine, kisha inavifunga kuwa faili moja unaloweza kumpa mteja.

Diski ya mtandao ni diski yoyote ambayo haijachomekwa kwenye kompyuta yako. Unaifikia kwa kebo ya mtandao au kwa Wi-Fi. Inaweza kuwa folda iliyoshirikishwa kwenye kompyuta ya mwenzako, diski ya USB iliyochomekwa nyuma ya ruta, au lile sanduku lenye diski 2, 4 au zaidi ndani yake liitwalo NAS. Ukilitamka jina hilo Kiswahili unapata utani wake: data iko nasi, mpaka siku haiko.

Kompyuta na diski hiyo huongea kwa lugha ya makubaliano iitwayo SMB. Ni lugha ya zamani, ilibuniwa ndani ya IBM mwaka 1983, na masanduku mengi ya NAS huizungumza kwa msaada wa programu ya bure iitwayo Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina hilo halihusiani na ngoma. Tridgell alikuwa akipekua orodha ya maneno kwenye kompyuta akitafuta neno lenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo. Kwa suala letu, kikubwa ni kwamba SMB ni mazungumzo: kompyuta inaomba, sanduku linajibu, na kila ombi lina muda wake wa kusubiri. Jibu lisipokuja ndani ya muda huo, kompyuta inakata tamaa na kuiambia programu yako kwamba diski imetoweka.

Bando halihusiki

Imani inayowatia watu gharama kuliko zote ni kwamba kurenda kwenye diski ya mtandao kunahitaji intaneti ya kasi. Nimeona mtu akipandisha kifurushi chake cha mwezi kwa ajili ya tatizo hili. Lakini faili hilo halitoki nje ya jengo. Linatoka kwenye laptopu, linapita kwenye swichi (kile kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao) au ruta, linaingia kwenye sanduku lililo chumba cha pili. Ukichomoa kabisa waya wa intaneti, safari hiyo inaendelea kama kawaida. Kuongeza bando hapa ni sawa na kukata tiketi ya ndege ili utoke sebuleni uende jikoni.

Imani ya pili ni ndugu yake: "mtandao wa ndani ni wa polepole, ndiyo maana inagoma." Tupige hesabu kidogo. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti na ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8. Kebo ya kawaida ya gigabiti 1 inaweza kupitisha megabaiti 125 kwa sekunde kinadharia, na kwa vitendo utaona kama 110. Video ya 4K uliyoibana kwa njia ya kawaida iitwayo H.264, kwa megabiti 50 kwa sekunde, inahitaji megabaiti 6 na robo kwa kila sekunde ya video. Hata kompyuta yako ikirenda mara tatu ya kasi ya kawaida, barabara bado ni nyeupe. Anayefanya kazi ya ProRes 422 HQ, aina ya video isiyobanwa sana, kwa 4K yenye fremu 25 kwa sekunde ndiye anayekaribia ukingo, kwa sababu hiyo hula kama megabiti 737, sawa na megabaiti 92 kwa sekunde.

Na hata barabara ikijaa, foleni haiui. Programu inasubiri, mstari unatembea kwa kusuasua, wewe unakunywa chai ya pili. Kinachoua ni kukatika, hata kwa sekunde chache.

Karani upande wa pili wa simu

Wengi tunadhani kurenda ni kama kujaza pipa kwa mpira wa maji. Maji yanaingia, pipa linajaa, basi. Kwa fikra hiyo asilimia 99 ina maana pipa limebakiza kikombe kimoja, na kugoma hapo kunaonekana kama mkono wa mtu.

Faili la MP4, na ndugu yake MOV, halijazwi hivyo. Lina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza imebeba picha na sauti zenyewe, na ndiyo karibu uzito wote. Ya pili ni orodha ya yaliyomo: fremu ya kwanza inaanzia baiti ya ngapi, ya elfu moja iko wapi, sauti ya dakika ya 7 iko wapi, video nzima ina urefu gani na imebanwa kwa njia ipi. Ndani ya faili orodha hiyo ina jina la herufi 4, moov, na kama umewahi kuona kosa linalolalamika kwamba "moov" haikupatikana, ndiyo hiyo. Bila orodha, kichezeshi hakijui pa kuanzia. Na orodha haiwezi kukamilika mapema, kwa sababu mpaka fremu ya mwisho ibanwe hakuna anayejua kila fremu itakuwa na ukubwa gani.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya programu. Unamsomea karani kitabu kwa simu, naye yuko jengo jingine. Mwanzoni unamwambia aache nafasi tupu juu ya ukurasa wa kwanza. Mnaandika kurasa 300 bila shida. Kisha zinaanza amri za mwisho. Rudi mwanzo, kwenye ile nafasi andika jumla ya kurasa. Bandika orodha ya yaliyomo nyuma. Hapana, ihamishie mbele. Sasa tupa yale makaratasi ya rasimu. Sasa badilisha jina la jalada. Katika dakika hizo chache karani anafanya kazi za aina nyingi kuliko zile za saa nzima iliyopita, na simu ikikatika hapo, mezani kwake linabaki rundo la karatasi lisilo na orodha, pengine hata bila jina.

Hiyo ya kuhamishia orodha mbele si mzaha wangu. YouTube wenyewe hupendekeza orodha ikae mwanzoni mwa faili, ili video ianze kusomwa kabla haijafika yote, na programu nyingi za kuhariri zina kitufe cha hilo. Lakini kuweka kitu mbele maana yake ni kusogeza kila kilichopo nyuma. Kuna programu pia ambazo huandika picha na sauti kwenye mafaili mawili ya muda, kisha mwishoni huyasoma yote upya na kuyaunganisha. Kama mafaili hayo yamekaa kwenye diski ya mtandao, video ya GB 6 inaandikwa, inasomwa, inaandikwa tena: GB 18 zimepita kwenye kebo kwa ajili ya GB 6, na theluthi mbili ya safari hizo zinatokea wakati mstari umeshafika karibu na mwisho.

Ndiyo sababu faili lililokufa hudanganya. Lipo kwenye folda, lina jina lako, lina GB 6 kamili, na halifunguki. Ukubwa unakuambia kwamba kurasa 300 zilifika, hausemi lolote kuhusu orodha.

Kuna mtego mwingine wa mwishoni usiohusu kukatika kabisa, nao ni ruhusa. Msimamizi wa ofisi, kwa nia njema, anapanga kwamba vijana wanaweza kuweka mafaili kwenye folda ya kazi lakini wasiweze kufuta, ili footage za wateja zisipotee. Programu yako inafungua faili, inaandika saa nzima, hakuna anayeikataza. Inapofika wakati wa kufuta rasimu na kubadilisha jina, sanduku linasema hapana. Kujua kama hilo ndilo linalokusumbua hakuhitaji fundi: ingia kwenye folda ile ile, tengeneza faili dogo la maandishi, lifungue uongeze neno, libadilishe jina, kisha lifute. Jambo moja kati ya hayo likikataliwa, umempata mhalifu.

Halafu kuna mikono ya watu wengine. Antivairasi inayolichunguza faili kabla halijafungwa, sanduku la NAS lenyewe linalotaka kutengeneza picha ndogo ya video kwa ajili ya galari yake, programu ya kupandisha mafaili Google Drive au Dropbox, au msaidizi mwenye hamu aliyeliona faili likijitokeza akalibofya kabla ya wakati wake. Yeyote kati yao anaweza kulishika faili kwa sekunde ile ambayo programu ilitaka kulibadilisha jina.

Kabla hujagusa kitu chochote

Renda video ile ile, kwa mipangilio ile ile, kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Hakikisha tu ina nafasi ya kutosha.

Ikigoma hata huko, achana na mtandao. Ikigomea dakika ile ile kila mara, tatizo liko kwenye kazi yenyewe: klipu iliyoharibika, efekti isiyoelewana na kadi ya picha, fonti iliyokosekana. Nenda kwenye dakika hiyo ukatazame kilichopo.

Ikimalizika salama, lichukue faili hilo zima ulinakili kwa mkono kwenda kwenye diski ya mtandao. Kunakili kukigoma nako, umeshajua kwamba ugonjwa uko njiani au kwenye sanduku: kebo, swichi, Wi-Fi, umeme, nafasi. Kukifaulu kunakili, huku kurenda moja kwa moja kunaendelea kugoma, basi barabara ni nzima na ugonjwa uko kwenye zile amri za mwisho za karani: ruhusa, jina, au mkono wa mtu mwingine. Majaribio haya mawili yanakata nusu ya nadharia zote za kwenye kundi la WhatsApp, na hayagharimu shilingi.

Baada ya hapo swali linabaki moja: inagomea wapi?

Ikigoma kabla haijaanza

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu inakwambia mapema. Mara nyingi programu haiioni njia ya kufikia folda. Kwenye Windows watu huipa diski ya mtandao herufi, tuseme Z, na kusahau kwamba herufi hiyo ni ya mtumiaji, haijaandikwa kwenye kompyuta nzima. Ukifungua programu ya kuhariri kwa kuchagua iendeshwe kama msimamizi, Windows huihesabu kama kikao kingine, na katika kikao hicho Z inaweza isiwepo. Unaiona Z kwenye dirisha la mafaili, programu haiioni, mnagombana. Fungua programu kwa njia ya kawaida, au andika anwani kamili ya folda, ile inayoanza na mikwaju miwili ya nyuma ikifuatiwa na jina la sanduku.

Majina nayo. Windows haikubali alama kama mkwaju, nukta mbili, kiulizo au nyota ndani ya jina la faili, na programu nyingi bado zinabanwa na ukomo wake wa zamani wa herufi 260 kwa anwani nzima. Folda ndani ya folda ndani ya folda, "Harusi", "Desemba", "Za mwisho", "Za mwisho kabisa", kisha faili "HII NDIYO YA MWISHO imerekebishwa na mama bibi harusi": umeshafika.

Kuna pia waliokuwa wakifanya kazi vizuri miaka yote, wakasasisha Windows, asubuhi sanduku halifunguki. Toleo la kwanza la SMB liliacha kusakinishwa na Windows 10 tangu sasisho la Oktoba 2017, miezi michache baada ya kirusi cha WannaCry kupita katika tundu lake mwezi Mei mwaka huo. Na Windows 11 toleo la 24H2, la mwaka 2024, katika aina ya Pro inadai mawasiliano ya SMB yawe na saini ya kidijitali na inakataa kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Sanduku la zamani lililowekwa wazi kwa kila mtu linaachwa nje. Mtandaoni utakuta maelekezo ya kuzima ulinzi huo. Mimi ningeweka jina la mtumiaji na nenosiri kwenye sanduku na kusasisha programu yake; kazi ya dakika 10 mara moja tu.

Kwa wenye Mac, tangu Catalina ya mwaka 2019 kila programu huulizwa ruhusa kabla ya kugusa diski za mtandao. Ukibofya kukataa kwa haraka siku ya kwanza, unaweza kusahau kabisa. Ruhusa hiyo imo kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya mafaili na folda.

Ikigomea mahali pale pale

Hii nimeilipia mwenyewe. Nilikuwa na video ya harusi ya dakika 48, megabiti 50 kwa sekunde, ambayo ikikamilika ilipaswa kuwa kama GB 18. Nilikuwa naiandika kwenye diski ya USB iliyochomekwa nyuma ya ruta, yenye zaidi ya GB 600 tupu. Kila nikirenda ilikufa kabla ya robo kufika, na ujumbe ulisema diski imejaa. Nilifuta vitu, nikafungua GB 100 nyingine, ikafa pale pale. Nilibadilisha kebo. Nilibadilisha ruta. Bwana harusi alipiga simu mara tatu.

Kilichonifumbua macho ni saa. Kila mara ilikuwa ikikaribia dakika ya 11 na nusu ya video, na megabiti 50 zikizidishwa kwa muda huo ni GB 4 na kidogo. Diski ile nilikuwa nimeifomati zamani kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ili isomwe na TV ya sebuleni, na FAT32 hairuhusu faili moja kuzidi baiti 4,294,967,295. Diski inaweza kuwa tupu kama uwanja wa mpira. Faili moja halivuki hapo. Ni kama ghala kubwa lenye mlango wa mita moja: nafasi ipo ndani, kabati halipiti.

Dawa ni kuifomati upya kwa mpangilio wa NTFS au exFAT, baada ya kuhamisha vyote vilivyomo, maana kufomati hufuta. Angalia kwanza ruta yako inasoma ipi. Masanduku ya NAS kwa diski zake za ndani hayana tatizo hili, ila yana binamu yake: mgawo. Msimamizi anaweza kuwa amekupangia GB 50 zako ndani ya sanduku la TB 16, na ukizifikisha unaambiwa pamejaa, huku jirani yako akiendelea kuandika. Na yale unayofuta kwenye NAS mara nyingi huhamia kwenye pipa la taka la sanduku lenyewe na kuendelea kula nafasi yako.

Ikigoma ovyo ovyo

Leo asilimia 30, kesho 80, keshokutwa inapita. Hapa ndipo kebo na umeme wanapoingia, na hapa ndipo watu huanza kusema ofisi ina jini.

Anza na umeme. Laptopu ina betri. Swichi na NAS hazina, labda uwe umeziwekea UPS, yaani betri ya akiba. Umeme ukikatika sekunde 3 kabla jenereta haijashika, taa za ofisi zinapepesa, laptopu haina habari kabisa, na mhariri mwenye hedifoni hajui kwamba kule chumba cha pili swichi imezima na kuwaka, na NAS ndiyo kwanza inaamka na itachukua dakika kadhaa. Simu imekatwa, karani amezimia. UPS ndogo inayobeba swichi na NAS tu ina faida kubwa kuliko RAM yoyote utakayoongeza.

Kisha kebo. Kasi ya megabiti 100 inahitaji nyaya 4 kati ya 8 zilizomo ndani ya kebo ya mtandao, ila gigabiti 1 inazihitaji zote 8. Uzi mmoja ukikatika, kwa kubanwa na mlango au kichwa kilichopigwa vibaya, vifaa havikwambii. Vinashuka kimya kimya hadi megabiti 100 na maisha yanaendelea. Mbaya zaidi ni uzi unaogusa na kuachia. Muunganisho unashuka, unapanda, unashuka, na kila kupanda ni kukatika kwa sekunde chache. Tazama kasi iliyoandikwa kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta. Ukikuta 100 pale palipopaswa kuwa 1000, badilisha kebo kabla hujafanya jambo lingine.

Wi-Fi sitaichambua sana. Kwa kurenda moja kwa moja, iache.

Kompyuta yenyewe pia husinzia. Kwenye Windows kuna alama ya kuruhusu kadi ya mtandao izimwe ili kuokoa umeme, itoe. Hakikisha pia kompyuta haijapangwa kulala ukiiacha bila kuigusa, na kwamba diski za NAS hazilali baada ya dakika chache. Diski ngumu iliyolala huhitaji sekunde kadhaa kuanza kuzunguka, na kuna programu zisizo na subira.

Halafu kuna kisa cha pakiti kubwa. Data kwenye mtandao husafiri kwa vifurushi vya baiti 1500. Mtu alisoma mahali kwamba ukivikuza hadi 9000 video zinakwenda kasi, akabadilisha kwenye kompyuta na NAS, akaisahau swichi. Sasa folda inafunguka, faili la maandishi linapita, picha ndogo inapita, video inaganda. Ni lori lenye trela kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe: pikipiki zinapita siku nzima, kwa hiyo kila mtu anaapa kwamba njia iko wazi. Kwa mtandao wa gigabiti 1 faida ya vifurushi hivyo ni ndogo mno. Rudisha 1500.

Kwa Mac kuna kioja ambacho kimewahi kunitoa jasho. Muunganisho ukikatika na kurudi, mfumo unaweza kuiunganisha diski iitwayo Video kwa jina Video-1, kwa sababu folda tupu ya jina la kwanza ilibaki mahali pake. Programu yako bado ina anwani ya zamani. Inarenda hadi asilimia 100, inakupongeza, na faili halionekani kwenye sanduku, kwa sababu limeandikwa kwenye folda hewa ndani ya Mac yenyewe. Ukiona diski ya ndani inajaa bila maelezo, pekua huko.

Ninavyofanya siku hizi

Narenda ndani, kwenye SSD (diski ya kasi) ya kompyuta, kisha nanakili. Wapo wanaoona ni kushindwa, kwamba NAS ilinunuliwa ya nini. Ilinunuliwa ya kuhifadhi na kushirikiana. Kunakili ni sawa na kutuma mzigo uliofungwa kwa basi la mkoani: basi likiharibika Chalinze, mzigo wa asili bado uko nyumbani na unatuma tena. Kurenda moja kwa moja ni kumshonea mteja nguo akiwa ndani ya basi hilo.

Kwa Windows natumia amri ya kunakili iitwayo robocopy na alama ya /Z, ambayo ikikatizwa huendelea ilipoishia. Kwa Mac natumia amri ya rsync. Baada ya hapo nalifungua faili lililofika, naruka hadi dakika ya mwisho kuona kama linacheza, ndipo nafuta la ndani. Kwa kazi kubwa nalinganisha alama za SHA-256, aina ya alama ya kidole inayokokotolewa kutoka kwenye faili, za mafaili yote mawili. Zikifanana herufi kwa herufi, hakuna cha kubishana.

Walio na sababu ya kuandika moja kwa moja, kama wanaorekodi ibada au mkutano kwa programu ya OBS, wachague aina ya faili iitwayo MKV badala ya MP4. MKV ikikatizwa katikati, yaliyokwisha kuandikwa bado huchezeka, na OBS ina menyu ya kuigeuza kuwa MP4 baadaye bila kubana upya.

Na kama tayari una faili la GB 18 lisilofunguka na mteja yuko mlangoni? Zipo programu kama untrunc zinazojenga upya orodha kwa kuazima mfano kutoka faili zima lililotoka kwenye kifaa na mipangilio ile ile. Zinafaa kwa rekodi ya kamera isiyoweza kurudiwa. Kwa video uliyoihariri, mradi bado unao, kwa hiyo usipoteze jioni: renda ndani, nakili. Kwa kebo nzima ya gigabiti 1, GB 18 zinavuka kwa dakika 3 hivi. Zikichukua 26, rudi ukahesabu zile nyaya 8.